Kuomba Msaada wa Kodi ya Nyumba Marekani, na Kuilinda Nafasi Yako Katika Orodha

Sehemu hii ya kijitabu inawahusu wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani wakiwa wapangaji wa kipato kidogo, na kwa namna ya pekee familia zilizotoka Kongo zikapitia Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kabla ya kupokelewa katika miji kama Louisville, Houston na Portland. Msaada ambao mashirika ya kupokea wakimbizi hutoa mwanzoni hudumu kwa miezi michache tu. Baada ya hapo familia hubaki na mshahara wake, na si ajabu kodi ya nyumba ikameza karibu nusu ya mshahara huo.

Tunaeleza hapa namna ya kuomba msaada wa serikali. Tunaeleza pia, kwa urefu zaidi, namna ya kubaki katika orodha ya kusubiri baada ya kuomba. Uzito huo una sababu. Malalamiko yanayotusikitisha kuliko yote hayaletwi na watu walionyimwa kwa kukosa sifa. Huletwa na watu waliokuwa na sifa, walioomba ipasavyo, wakasubiri miaka mitatu au minne, kisha wakafutwa kwa sababu barua moja ilipelekwa kwenye anwani waliyokwisha kuihama.

Ofisi yetu hulinda haki za watumiaji wa huduma. Hatutoi nyumba, hatutoi vocha, wala hatuna uwezo wa kumsogeza mtu mbele katika orodha yoyote. Tunalisema hili mapema kwa kuwa wapo wanaodai kuwa na uwezo huo, na habari zao tutazirudia.

Misaada mitatu, orodha tofauti

Fedha za msaada wa nyumba hutoka serikali kuu kupitia Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, inayojulikana kwa kifupi kama HUD. Hata hivyo, anayetaka kuingia katika orodha haombi kwa wizara hiyo. Maombi hupokelewa na mamlaka za nyumba za miji, kaunti na majimbo, ambazo idadi yake nchini inazidi 3,000. Kila mamlaka ina orodha zake, kanuni zake za kipaumbele na ratiba yake ya kufungua na kufunga. Jibu alilopewa shemeji yako katika mji mwingine linaweza kuwa sahihi kwake na lisikufae wewe hata kidogo.

Msaada wenyewe ni wa namna tatu. Namna ya kwanza ni nyumba za umma, ambazo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1937. Nyumba hizi humilikiwa na mamlaka yenyewe, nayo humpangisha mtu kwa kodi inayolingana na kipato chake. Ya pili ni vocha ya nyumba, iliyotokana na sheria ya mwaka 1974 na ambayo watu wengi huiita Section 8. Mwenye vocha hutafuta nyumba kwa mmiliki binafsi, na mamlaka humlipa mmiliki huyo moja kwa moja sehemu ya kodi. Vocha humfuata mpangaji, hivyo anaweza kuhama nayo kwa kufuata taratibu. Namna ya tatu haijulikani sana: yapo majengo ya wamiliki binafsi na ya mashirika yasiyo ya faida ambayo yana mkataba na serikali, na msaada umefungwa kwenye jengo lenyewe. Katika majengo hayo maombi mara nyingi hupelekwa kwenye ofisi ya jengo, na kwa kawaida mpangaji akihama huuacha msaada nyuma.

Utata mwingi huanzia hapa. Mtu anasema ameomba Section 8, kumbe alijaza fomu ya jengo moja tu la namna ya tatu, na kwa miaka miwili hakuwa katika orodha ya vocha ya mji wake. Anayesema yuko kwenye orodha anapaswa kuweza kutaja ni orodha ipi, ni ya mamlaka au jengo gani, na namba ya ombi lake ni ipi. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu aanzie hapo, kabla ya kusoma kurasa zinazofuata.

Kuwamo katika orodha moja hakukuingizi katika nyingine, na wala hakukuzuii kuwa katika nyingi kwa wakati mmoja. Tunashauri uombe kila orodha iliyo wazi katika eneo lako na katika maeneo jirani unayoweza kuhamia. Fahamu tu kwamba mtu aliyeomba akiwa mkaazi wa eneo jingine anaweza kutakiwa kuishi ndani ya eneo la mamlaka iliyompa vocha kwa miezi 12 ya kwanza kabla ya kuihamisha.

Wapo wanaoulizia bado fedha za kodi zilizotolewa wakati wa janga la korona. Hizo zilikuwa mfuko wa dharura na mipango yake imefungwa. Mwenye deni la kodi la mwezi huu na hofu ya kutolewa katika nyumba asitegemee orodha ya kusubiri. Apige simu namba 211, ambayo katika sehemu kubwa ya nchi humwelekeza mtu kwenye misaada ya dharura iliyopo karibu naye.

Kwa nini watu husubiri miaka

Msaada wa chakula hutolewa kwa kila aliyetimiza masharti. Msaada wa nyumba haukuundwa hivyo. Bunge hutenga fedha kila mwaka, na fedha zikiisha, mwenye sifa hubaki na sifa zake. Kwa makadirio yanayokubalika, katika kila familia nne zinazostahili, ni moja tu inayopata msaada wa serikali kuu.

Mwezi Juni mwaka 2024 mamlaka ya nyumba ya New York ilifungua orodha yake ya vocha kwa mara ya kwanza baada ya takribani miaka 15. Iliiacha wazi kwa wiki moja. Waombaji walizidi 600,000, na kwa kura ya bahati nasibu walichaguliwa 200,000. Hao waliochaguliwa hawakupewa vocha. Walipewa nafasi ya kuisubiri.

Miji midogo ina nafuu kiasi, lakini mwenendo ni ule ule. Orodha ikifurika, mamlaka huifunga, na huweza kuifungua tena kwa siku chache tu baada ya miaka kadhaa. Tangazo linapotoka, tazama jambo moja kwanza: je, nafasi zitagawiwa kwa kura au kwa tarehe na saa ya kuomba? Ikiwa ni kwa kura, aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wako sawa, na hakuna haja ya kukesha mbele ya kompyuta. Ikiwa ni kwa tarehe na saa, basi amka mapema, taarifa zako zote zikiwa mezani.

Katika orodha nyingi zipo pia ngazi za kipaumbele. Mamlaka huweza kuwatanguliza wasio na makazi, walionusurika ukatili wa nyumbani, waliowahi kutumikia jeshi, wazee, wenye ulemavu, au wakaazi na wafanyakazi wa mji husika. Kipaumbele hakitolewi kwa kukisiwa. Usipotia alama kwenye kisanduku kinachohusika, mamlaka haitajua, na unaweza kukaa nyuma ya watu ambao ungepaswa kuwatangulia. Hali ikibadilika baada ya kuomba, kwa mfano mwanafamilia akapata ulemavu, ijulishe mamlaka kwa maandishi.

Nani anastahili, na nini huhesabiwa

Kiwango cha kipato hupimwa kwa kulinganisha kipato cha familia na kipato cha katikati cha eneo lake, kwa kuzingatia idadi ya watu nyumbani. Kwa vocha, familia kwa kawaida isizidi asilimia 50 ya kipato hicho, na sheria inataka robo tatu ya familia mpya zinazopokelewa kila mwaka ziwe zile za kipato cha chini kabisa, ambazo wengi huzielewa kama familia zilizo chini ya asilimia 30. Kwa nyumba za umma kikomo hufika asilimia 80. Kwa kuwa viwango hutofautiana kutoka kaunti hadi kaunti na hubadilishwa kila mwaka, usijihukumu mwenyewe kuwa umezidi. Uliza.

Kuhusu uhamiaji, raia, wakaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi wamo miongoni mwa wanaostahili. Mkimbizi halazimiki kusubiri kadi ya kijani ndipo aombe. Aidha, mkimbizi au aliyepewa hifadhi anapoomba ukaazi wa kudumu hapimwi kwa kile kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali, ambacho huwatia watu hofu na kuwazuia hata kuomba haki yao. Mwenye hadhi nyingine ya uhamiaji, au mwenye nyumba yenye watu wa hadhi mchanganyiko, azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu. Maneno ya kusikia baada ya ibada hayatoshi kwa jambo hili.

Kipato kinachohesabiwa ni mishahara ya watu wazima, mafao, na fedha ambazo mtu nje ya nyumba hukutumia kwa mfululizo. Mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18 hauhesabiwi, na msaada wa chakula hauhesabiwi. Kisha kuna makato: kwa kila mtoto, kwa familia yenye mzee au mlemavu, na kwa gharama za kumlipa mlezi wa watoto wadogo ili mzazi afanye kazi. Jambo moja huwashangaza wasomaji wetu. Fedha unazowatumia wazazi Bukavu au ndugu walio kambini hazikatwi. Hata kama kila mwezi dola 200 hutoka mfukoni mwako kwa njia hiyo, mamlaka huzihesabu kama fedha unazo. Tunaona ni kanuni ngumu kwa watu ambao kwao kutuma fedha nyumbani si hiari, lakini ndivyo ilivyo, na bajeti ya familia ipangwe kwa kulijua hilo.

Tahadhari juu ya majina na tarehe za kuzaliwa. Familia nyingi zilifika na hati zinazotofautiana: jina la ukoo likiwa la kwanza katika hati moja na la mwisho katika nyingine, herufi moja ikiwa imeongezwa, au watu wanne wa nyumba moja wakiwa wote wamezaliwa Januari 1. Katika ombi lako andika majina na tarehe kama zilivyo katika hati zako za uhamiaji na kadi ya Social Security, hata kama unajua zina kosa. Kosa lisahihishwe kwenye hati zenyewe kwanza, na baadaye katika ombi. Ombi lenye jina tofauti na hati huweza kusomwa kama taarifa ya uongo, na taarifa ya uongo ni sababu ya kunyimwa.

Orodhesha watu wote watakaoishi nyumbani, na hao tu. Mpwa unayemlea ni wa kuandikwa, ingawa unaweza kuombwa hati inayoonyesha kwamba analelewa nawe. Binamu anayekuja na kuondoka si wa kuandikwa. Baada ya kupata msaada, kumwongeza mtu mzima kunahitaji idhini ya mamlaka, na mgeni anayekaa zaidi ya muda ulioruhusiwa anaweza kukuponza. Tunafahamu kwamba katika nyumba zetu mgeni hafukuzwi, lakini mkataba wa upangaji hausomi hivyo.

Kuilinda nafasi

Ukishaomba utapewa namba ya ombi. Iandike mahali pawili, na kama uliomba kwa intaneti, chapisha ukurasa wa uthibitisho au upige picha kwa simu. Ikiwa ulisaidiwa na mfanyakazi wa shirika au kijana wa kanisani, hakikisha kwamba anwani, barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa ni zako. Tumeona maombi yaliyobeba barua pepe ya msaidizi aliyekwisha kuacha kazi; kila taarifa iliyotumwa ilifika kwa mtu ambaye hakuwapo tena kuisoma.

Kila baada ya muda mamlaka husafisha orodha. Humwandikia kila mwombaji na kumuuliza kama bado anahitaji msaada, na humpa muda wa kujibu. Barua yenyewe huweza kuwa ya ukurasa mmoja, isiyo na lugha ya kutisha. Asiyejibu hufutwa. Mamlaka nyingine humtaka mwombaji ahuishe ombi lake mwenyewe kila baada ya muda maalumu bila kungoja barua, kwa hiyo uliza utaratibu wa kila orodha uliyomo. Aliyefutwa hurudi mwanzo, ikiwa orodha iko wazi. Ikiwa imefungwa, hana pa kurudi.

Hapa ndipo miaka hupotea. Familia huhama kwa sababu kodi imepanda, na mara nyingi ndiyo sababu ya kuomba msaada, kisha hubadilisha anwani posta na kudhani imemaliza. Posta itasambaza barua zako kwa muda tu, na haiwajulishi mamlaka ya nyumba. Kila unapohama, peleka anwani mpya wewe mwenyewe, kwa maandishi, kwa kila mamlaka na kila jengo ulikoomba, na ubaki na nakala yenye tarehe. Fanya vivyo hivyo namba ya simu inapobadilika. Simu za malipo ya kabla zinazobadilishwa kila miezi michache zimewapotezea watu nafasi kama anwani zilivyofanya.

Sanduku la barua nalo lina habari zake. Kwa watu waliozoea jambo zito kuletwa na mjumbe au kutangazwa mbele ya watu, ni vigumu kuamini kwamba hatima ya nyumba inaweza kulala katikati ya matangazo ya pizza na bima za magari. Fungua kila bahasha yenye jina la mamlaka ya nyumba siku hiyo hiyo. Usimwachie mtoto kazi ya kuitafsiri. Mwana wa miaka 12 anaweza kusoma Kiingereza kuliko wazazi wake na bado asitambue kwamba sentensi ya mwisho inataka jibu ndani ya siku 14. Omba mkalimani kwa mamlaka, au ipeleke barua kwa mtu mzima unayemwamini. Mkalimani aombwe mapema, ombi liwe la maandishi, kwa kuwa si kila ofisi humtoa bila kuulizwa.

Tunapendekeza daftari moja la nyumba. Ukurasa mmoja kwa kila orodha: jina la mamlaka, namba ya ombi, tarehe ya kuomba, namba ya simu, na siku ya mwisho uliyowasiliana nao. Mara mbili kwa mwaka, tuseme Januari na Julai, piga simu au ingia kwenye tovuti ya kila mamlaka na uthibitishe kwamba jina lako bado limo. Usiulize tu nafasi yako ni ya ngapi, kwa maana namba hiyo huweza kurudi nyuma wenye kipaumbele wanapoingia. Uliza anwani iliyoandikwa kwenye jalada lako. Jibu la swali hilo lina faida kuliko lile la kwanza.

Aliyefutwa kwa kutojibu asikate tamaa kabla ya kuandika. Ikiwa alishindwa kujibu kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wa familia, kanuni za vocha zinaitaka mamlaka imrudishe mahali pake pa awali. Katika sababu nyingine, kama vile kulazwa hospitali au barua kurudishwa ilhali anwani ilikuwa imekwisha kubadilishwa, mamlaka inaweza kumrudisha ikiona inafaa. Nakala ile yenye tarehe huwa ndiyo shahidi wake.

Vocha inapofika

Ukiitwa, utaombwa hati za kuthibitisha yote uliyoandika: vitambulisho, hati za uhamiaji, hati za mshahara, taarifa za benki. Kwa vocha kuna pia kikao cha maelezo ambacho ni lazima kukihudhuria. Kisha saa huanza kukimbia. Utapewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na mamlaka ina uwezo wa kuongeza. Familia kubwa zijiandae kuomba nyongeza hiyo, kwa maandishi na kabla siku hazijaisha, maana nyumba za vyumba vinne au vitano ni adimu na wamiliki wake hawana haraka.

Kiasi utakacholipa hukokotolewa hivi. Tuchukue familia ambayo, baada ya makato, kipato chake cha mwezi kinachohesabiwa ni dola 2,400. Mchango wake ni asilimia 30, yaani dola 720. Tuseme mamlaka imeweka kiwango cha dola 1,700 kwa vyumba vitatu, pamoja na umeme, maji na gesi. Wakipata nyumba ya dola 1,650, mamlaka hulipa 930 na familia 720. Wakitaka nyumba ya dola 1,900, mamlaka hulipa 980 tu, ile tofauti kati ya 1,700 na 720, na familia hubeba 920. Hiyo inakubalika. Nyumba ya dola 2,000 haitakubaliwa mwanzoni, kwa sababu familia ingelipa 1,020, na kikomo wakati wa kuingia ni asilimia 40 ya kipato kilichohesabiwa, ambayo hapa ni 960. Mchango wa chini hauondoki moja kwa moja hata kipato kikiwa sifuri: mamlaka huweza kuweka kodi ya chini isiyozidi dola 50, na kuna utaratibu wa kuomba usamehewe kwa dhiki.

Amana ya kuingilia kwa kawaida haimo katika vocha. Anza kuiweka akiba ungali katika orodha.

Si kila mmiliki hupokea vocha. California na New York zimekataza kumkataa mpangaji kwa sababu hiyo peke yake. Texas, kwa upande mwingine, ilipitisha sheria mwaka 2015 inayoibana miji yake isiweke katazo kama hilo, isipokuwa kwa waliotumikia jeshi. Uliza sheria ya jimbo lako kabla ya kulumbana na mwenye nyumba. Na usihamie kabla ya ukaguzi wa nyumba kufanyika na mamlaka kuidhinisha, hata ukihimizwa vipi, kwa sababu unaweza kujikuta unadaiwa kodi nzima ya siku ambazo mamlaka haikuwa imeanza kulipa.

Fedha ambazo hupaswi kumlipa mtu

Mamlaka za nyumba hazitozi ada ya kuingia katika orodha ya vocha au ya nyumba za umma. Anayekutaka utume fedha, ununue kadi ya malipo umpe namba zake, au umlipe ili jina lako lipande, ni tapeli. Baadhi hutengeneza tovuti zenye sura ya serikali na kukusanya namba za Social Security za familia nzima, na madhara ya wizi huo huonekana baada ya miaka. Pata anwani ya tovuti kutoka ofisi ya mamlaka yenyewe au kutoka orodha iliyo katika tovuti ya HUD. Usiifuate ile iliyotangulia katika matokeo ya utafutaji, kwa kuwa nafasi ya juu hununuliwa.

Mwenye kulipwa kwa kujaza fomu ni habari tofauti. Huenda anafanya kazi halali ya kuandika, lakini anakuuzia kitu ambacho ofisi nyingi za jamii hukifanya bure, na hana chochote cha kuahidi zaidi ya hapo.

Kuna pia malipo ya pembeni. Mmiliki anasaini mkataba wa dola 1,650 na mamlaka, kisha anamnong'oneza mpangaji aongeze dola 150 taslimu kila mwezi. Jambo hili limekatazwa. Mpangaji anayekubali kwa hofu ya kukosa nyumba anaweza kuipoteza vocha pamoja na fedha. Likitokea, usitoe fedha hizo. Iarifu mamlaka, na uhifadhi ujumbe wowote wa simu ulioandikiwa.

Ukikataliwa

Mamlaka ikikataa ombi lako inapaswa kukuandikia na kutaja sababu, na kukueleza namna ya kuomba uamuzi huo upitiwe upya na mtu asiyekuwa yule aliyeuamua. Muda wa kuomba mapitio huandikwa ndani ya barua na mara nyingi ni mfupi. Sababu nyingine hujibika kwa urahisi: deni la zamani kwa mamlaka ya nyumba, ambalo linaweza kulipwa kwa makubaliano, kumbukumbu ya mahakama ya mtu mwingine mwenye jina kama lako, kipato kilichohesabiwa mara mbili kwa sababu mtu alibadilisha kazi katikati ya mwaka. Nyingine hazina njia, kama vile kuwa katika daftari la maisha la wakosaji wa makosa ya ngono.

Omba mapitio kwa maandishi hata kama hujui bado utasema nini, kwa sababu siku zikipita hoja nzuri haitasikilizwa. Omba pia kuziona karatasi zilizotumika kukukatalia. Ofisi za msaada wa kisheria hushughulikia mambo haya bila malipo kwa watu wa kipato kidogo. Zipelekee barua mara uipatapo, pamoja na bahasha yake, maana muhuri wa posta ndio unaoonyesha ni siku gani hasa ilitumwa.